Sikusema Samahani

Gauni lilitoka kwenye mashine likiwa limebaki la mtoto wa miaka saba.

Asubuhi ile lilikuwa limeshuka kutoka chumba namba arobaini na mbili likiwa gauni la mama mtu mzima: hariri ya buluu, mikono mirefu, vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa hichohicho. Mtu fulani, na mpaka leo simjui, alilitupa pamoja na taulo kwenye mashine ya maji ya kuchemka. Kazi yangu haikuwa kwenye mashine. Mimi nilikuwa wa pasi, ile pasi kubwa ya umeme yenye magogo mawili ya chuma yanayozunguka, unailisha shuka upande huu nayo inalitema upande wa pili limenyooka kama karatasi. Toroli la taulo liliposukumwa mpaka karibu yangu, niliona kitu cha buluu kimejikunja katikati ya weupe. Nikakivuta, nikakiinua mbele ya taa.

"Mungu wangu," nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu mambo ya namna hiyo hayasemeki kwa lugha ya kuazima.

Saa nne mwenye gauni alishuka mwenyewe kulichukua. Wageni wa hoteli huwa hawafiki kule chini kwenye mvuke na kelele, lakini binti yake alikuwa anaolewa kesho yake, naye hakuwa na subira ya kungoja. Hakupiga kelele. Alilishika gauni kwa vidole viwili, akalipima kifuani, likaishia juu ya kitovu. Machozi yakaanza kumtoka kimya kimya. Chumba kizima, watu sita, kila mtu ghafla akawa na kazi nyingi. Mimi nilishindwa. Nilimsogelea, nikamshika mkono, nikamwambia lile neno lao la pole.

Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akapanda ngazi, kigauni chake mkononi.

Hayo ndiyo niliyoyafanya, yote. Sikuficha kitu.

Kesho yake asubuhi niliitwa kwa meneja. Ofisi yake ilikuwa ndogo, ina harufu ya kahawa iliyosahauliwa, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa upandeupande kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye plasta tangu alipoteleza kwenye ngazi wiki tatu kabla. Aliusukuma waraka mbele yangu kwa mkono wa kushoto.

"Soma, kisha uweke saini hapa chini."

Lugha yao naisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Waraka ulisema kwamba mimi, mfanyakazi wa pasi, niliharibu gauni la mgeni, na kwamba nimekiri kosa langu mbele ya mgeni huyo na mashahidi.

"Sikuliharibu mimi," nilisema. "Nililikuta limeshaharibika."

"Umekiri mwenyewe."

"Nimekiri? Lini?"

"Jana. Mgeni amesema, na watu watano wamesikia. Ulimshika mkono ukamwomba msamaha. Sasa niambie, mtu asiye na kosa anaomba msamaha wa nini?"

Alivuta daftari la mashine, lile ambalo kila anayepakia nguo anatakiwa kuandika jina lake na saa, na kwenye safu ya mwisho mkaguzi anaweka saini. Akanionyesha mstari wa saa mbili asubuhi. Ulikuwa mtupu. Safu ya mkaguzi nayo ilikuwa tupu, ukurasa mzima, lakini wakati huo niliiona tu kwa macho, akili ilikuwa mbali.

"Hapa hapana jina," alisema. "Na lazima pawe na jina. Ukisaini, unamalizia wiki tatu zako zilizobaki, na kosa linaandikwa kwenye barua yako ya kazi. Usiposaini, unafungasha kesho na barua hupati kabisa. Nakupa mpaka kesho saa sita mchana."

Barua hiyo ilikuwa ndiyo maisha yangu, na sitanii. Chuoni nilisoma jiografia. Miaka mitatu nilichora mito ambayo sijawahi hata kuinusa. Nilipomaliza, wenzangu walitafuta ofisi, mimi nikatafuta njia ya kwenda kuiona dunia niliyoichora, na kwa kuwa sina mtu wa kunisafirisha, nikaamua kazi ndiyo initembeze. Miezi sita hapa, miezi sita pale. Nilianza kiwandani, nikifunga mikate kwenye karatasi. Nikaenda kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikawaogesha na kuwasomea magazeti. Kila nilipoondoka nilipewa barua ya kusema nilifanya kazi vizuri, na barua hiyo ndiyo iliyofungua mlango uliofuata. Bila barua safi, kibali cha kazi hakitoki, na bila kibali, safari imekwisha.

Mlango wangu uliofuata ulikuwa hoteli nyingine, ndogo, juu milimani, kwenye chanzo cha mto mmoja. Mto huo niliuchora kwenye mtihani wa mwisho. Nilikosea kona moja, nikakatwa alama mbili. Walishanikubali kule juu, walichotaka ni barua ya hapa tu. Treni ya kwenda huko inapita kandokando ya ile kona, nilishaangalia kwenye ramani. Najua kuna watu wanaotaka nyumba, gari, mume. Mimi kwa mwaka ule nilitaka kona.

Nilirudi kwenye pasi, waraka nimeukunja mfukoni. Karibu na dirisha alikuwa amekaa Fundi, mama mmoja wa makamo anayeshona mashuka yaliyochanika, kola yake imejaa pini kila siku kama mti uliochipua. Lakini siku ile hakuwa na shuka. Mapajani alikuwa na gauni la kijivu, la kawaida kabisa, na kwenye sahani ndogo vilikuwepo vile vifungo vya buluu. Alikuwa amepanda kuliomba gauni lililoharibika kwa yule mama, akavikata, sasa anavihamishia kwenye hili la kijivu ili mama alivae harusini, kimoja baada ya kingine.

"Wamekuitia gauni?" aliniuliza bila kuinua kichwa.

"Ndiyo. Wanasema nimekiri."

"Si umekiri kweli?"

"Nilimwambia tu," nikasema, na nikalirudia lile neno.

"Ndiyo hilo. Maana yake umekosa, unaomba usamehewe."

Nilishusha shuka. "Na mtu akipatwa na jambo baya, nyinyi mnamwambia neno gani?"

Fundi alifikiri, uzi katikati ya meno. "Hatumwambii neno. Tunakaa naye. Tunampikia. Tunafanya kitu," alisema, akainua gauni la kijivu kidogo nilione. "Wewe lakini, tangu umekuja hapa unaomba msamaha. Asubuhi ukiingia tu unatuomba msamaha kwa sababu tunafanya kazi. Siku nilipokuja nimelowa mvua, ukaniomba msamaha kwa mvua. Nilipong'olewa jino, msamaha. Ndiyo maana wamekuita lile jina."

Lile jina nililijua. Walinipa wiki ya pili, na nililipenda, lilikuwa na sauti laini. Nilidhani ni kitu kama Mpole. Hata nyumbani niliwaandikia kwa furaha kwamba kazini wamenipa jina la mapenzi.

"Maana yake nini?" niliuliza.

"Maana yake Nisamehe."

Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Miezi mitano na wiki moja. Kila asubuhi nilikuwa nikiingia chumba kile na "poleni na kazi" yangu, kifua mbele, nikijiona mtu mwenye adabu zake, kumbe naingia kama mshtakiwa. Nimekiri mvua. Nimekiri jino. Basi lilipochelewa, nilimgeukia mzee aliyekuwa amesimama na fimbo yake kituoni, nikakiri na basi. Na ndipo nilipokumbuka jambo jingine: watu wote, kila nilipowaambia neno lile, walikuwa wakinijibu maneno yaleyale matatu. "Si kosa lako." Nilidhani ndivyo wanavyoitikia, kama sisi tunavyosema "nishapoa." Kumbe walikuwa wananifariji.

Mchana nilikula na Dereva kwenye ngazi za mlango wa nyuma, kila mtu na bakuli lake la plastiki mapajani. Dereva aliendesha gari la mashuka. Hakuwa wa mji wangu, lakini alikuwa mtu wa Kiswahili, na ukiwa mbali hilo linatosha kuwa undugu. Yeye aliniita dada, mimi nikamwita kaka, ingawa kwa mvi zake angefaa kuwa mjomba.

"Saini, dada," alisema, mdomo umejaa. "Saini yaishe."

"Sijafanya, kaka."

"Kwani nani kakuuliza kama umefanya? Wanataka saini, wape saini. Wewe umekuja huku kutafuta kazi au kutafuta ugomvi?"

"Nimekuja kuona mto."

Alicheka mpaka akapaliwa. "Mto! Kwetu mito imekauka, dada yangu? Umepanda ndege, umepanda treni, unapiga pasi mashuka ya watu, kwa ajili ya maji?"

Alikohoa, macho yakamtoka machozi. Nikampiga mgongoni. "Pole," nikamwambia.

"Nishapoa."

Nilimwona anavyolitafuna lile neno alilolisema, kama mtu aliyekuta jiwe kwenye wali.

"Umeona?" nilimwambia. "Hukuniambia si kosa lako."

Dereva aliweka kijiko chini. "Mimi nilikuwa mhudumu huko juu, unajua?" alianza taratibu. "Shati jeupe, tai nyeusi, viatu vinang'aa. Siku moja mwenzangu akaanguka na sinia la glasi, akajikata mkono, damu mpaka kwenye kapeti. Nikamkimbilia, nikampigia magoti, nikamwambia..."

"Ukamwambia nini, kaka?"

Alilitaja neno lao kwa sauti ya chini. "Wakaandika kwamba nimekiri kumsukuma. Lugha yenyewe nilikuwa sijaijua vizuri. Nikasaini, yakaisha."

"Yaliisha?"

Aliligeukia gari lake. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, magunia ya mashuka machafu yamepangwa mpaka juu. "Miaka sita sasa," alisema. Chakula chake hakukimaliza.

Jioni, jua likiwa bado liko dirishani, nilikaa kitandani nikapiga simu nyumbani. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya nne, kitanda kimoja, beseni moja, na ukutani ramani niliyoitoa chuoni, imekunjwa mara nyingi mpaka mistari ya mikunjo inafanana na mipaka. Aliyepokea ni shangazi, aliyenilea. Shangazi ana saluni, na kwa kuwa amezoea kusema huku mashine ya kukaushia nywele inavuma, hata kwenye simu hupaza sauti kama anaita ng'ambo ya bonde.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba! Mbona sauti imekaa kama ya mtu aliyemeza sabuni?"

Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Alinikatiza mara moja tu.

"Hebu subiri. Huko pole wanaitaje?"

Nikamwambia.

"Na samahani je?"

Nikamwambia.

"Mbona ni hilohilo?"

"Kamusi ya simu ndiyo iliyonipa, shangazi. Niliandika pole, ikaniletea hilo."

"Kwa hiyo mtu akifiwa, unaingia msibani kumwambia mwenye msiba kwamba wewe ndiye uliyeua?"

Nyuma yake kicheko kikalipuka, si cha mtu mmoja. "Shangazi, umeniweka kwenye spika?"

"Usijali, ni watu wa nyumbani."

"Mwambie asisaini!" sauti moja ilisema. "Asaini arudi aolewe!" ikasema nyingine.

"Wewe nyamaza," shangazi alimwambia huyo wa pili, "kichwa chako kiko mikononi mwangu." Kisha mashine ikazimwa, na kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti yake ya kawaida. "Sikiliza, mwanangu. Ulipoondoka nilikucheka. Digrii ya mito, halafu unakwenda kufua. Na nitaendelea kukucheka, hilo ujue. Lakini kama ni kurudi, rudi. Kitanda chako kipo, nimekiwekea mabeseni tu, nitayaondoa. Ila usije ukanirudia hapa na karatasi ya uongo yenye jina lako. Jina hilo nilikupa mimi, nilihangaika nalo wiki nzima."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilipokata simu nilitoa ule waraka, nikausoma tena, kidole chini ya kila neno. Kisha nikachukua kalamu. Niliandika mistari miwili mahali pa saini, kwa Kiswahili, kwa mwandiko wangu wa mtihani, na chini yake nikaweka saini yangu yote, siyo ya kifupi.

Kesho yake sikungoja saa sita. Saa tatu nilikuwa mlangoni kwa meneja.

Alipoiona saini, uso wake ulilegea. "Vizuri. Nilijua wewe ni mtu mwelewa." Kisha akaona maandishi. "Hii ni nini?"

"Ndiyo niliyoyasema kwa yule mama. Nimeyaandika jinsi yalivyokuwa moyoni."

"Siwezi kuweka kwenye faili kitu nisichokielewa."

"Hata mimi siwezi kuweka jina langu chini ya kitu kisicho cha kweli. Mwite Dereva akusomee."

Nadhani alikubali kwa sababu alitaka yaishe haraka. Alipiga simu kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na baada ya dakika chache Dereva aliingia, kofia mkononi, macho sakafuni. Akapewa waraka. Aliyasoma maneno yangu midomo ikicheza bila sauti: Nilisema pole. Sikusema samahani. Akayasoma tena.

"Inasemaje?" meneja aliuliza.

Dereva alikohoa. "Inasema: Niliomba msamaha. Sikuomba msamaha."

Meneja alitutazama mmoja baada ya mwingine, akacheka. "Amechanganyikiwa."

"Hapana, bwana." Dereva aliinua macho. Sikuwahi kumwona ameyainua ndani ya jengo lile. "Mimi ndiye niliyeshindwa kutafsiri, na siyo mimi tu, ni lugha yenu imepungukiwa. Sisi tuna maneno mawili. Moja ni la mtu aliyekosa. Jingine ni la mtu yeyote anayemwona mwenzake ana shida. Yeye alisema hili la pili. Kwenu hakulikuta, akapewa la kwanza." Alimeza mate. "Nami nilisema hilohilo, miaka sita iliyopita, siku ya glasi. Sikumsukuma mtu. Nilikuwa namwambia pole."

Alilisema kwa Kiswahili, pole, na lilikaa pale chumbani kama mtu wa nne.

"Maneno matupu," meneja alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Mtu anaweza kubuni neno lolote."

Hapo woga uliniisha. Ulinitoka tu, kama kwikwi inavyotoka.

"Ulipokuja na mkono umefungwa," nilimwambia, "siku ya kwanza, nilikutana nawe kwenye korido. Nilikuambia nini?"

Aliutazama ule mkono.

"Nilikuambia neno hilohilo nililomwambia yule mama. Mkono wako niliuvunja mimi?"

"Sasa hiyo inahusiana vipi na..."

"Na wewe ulinijibu. Ulicheka, ukasema: si kosa lako. Mimi nakumbuka, na wewe unakumbuka. Siku ile neno hilo lilikuwa wema, leo limekuwa ushahidi. Lichague moja."

Mashavu yake yalibadilika rangi. Alivuta daftari la mashine kwa mkono wake mzima, akaufungua ule ukurasa, akaupiga kwa kidole. "Mstari huu bado mtupu! Juu wananiuliza jina. Niwape jina gani?"

"Mimi jina la aliyepakia silijui. Asubuhi ile nilikuwa kwenye pasi na Fundi pembeni yangu, muulize. Lakini ukitaka kuwaambia juu kwamba daftari lina nafasi tupu, waambie zote." Nikaweka kidole changu kwenye safu ya mwisho, ile niliyoiona jana bila kuifikiria. Mkaguzi. Tupu, kutoka juu mpaka chini, na ukurasa wa nyuma yake vilevile, wiki tatu nzima. "Hapa panatakiwa saini ya nani?"

Mkono wake wa plasta ulikuwa umelala mezani kati yetu, mzito, mweupe.

"Najua huwezi kushika kalamu," nilisema, na nilisema taratibu, kwa sababu sikutaka kumdhalilisha, nilitaka tu aone. "Kwa hilo sikushtaki. Hata sasa nakwambia pole, pole ya kwetu. Lakini nafasi yako tupu usiijaze kwa jina langu."

Dereva alikuwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili kama usukani. Nje, toroli lilipita likilalamika gurudumu. Meneja aliutazama ule waraka, akatazama ukurasa wa daftari, akalifunga.

"Nendeni kazini," alisema hatimaye. "Nitafikiri."

"Na hii?" Nilinyoosha mkono kuelekea waraka.

"Nimesema nitafikiri."

"Nitaondoka nao nikufikirie mimi," nilisema, nikauchukua mezani, nikaukunja mara nne, nikatoka. Sikujua nilikuwa na ujasiri huo. Kwenye ngazi Dereva akanishika kiwiko.

"Dada wewe," alisema, "wewe ni mwendawazimu." Lakini alikuwa anatabasamu, na alivaa kofia yake humohumo ndani, jambo ambalo haliruhusiwi.

Chini walikuwa wanatungoja. Mmoja wao aliniita kwa lile jina, kwa huruma tu, hakuwa na ubaya. "Nisamehe! Imekuwaje?"

Sikugeuka. Akaita tena. Nililisha shuka kwenye pasi, nikalipokea upande wa pili.

"Jina hilo nimeliacha juu," nilisema. "Anayetaka kuniita atafute jingine."

Wakatazamana. Fundi alicheka peke yake kwenye dirisha lake, akaniuliza basi lile neno letu linatamkwaje. Nikamfundisha. Alilikosea mara tatu, na ya nne akalipata, akaniambia nikiwa nimeloa jasho mbele ya pasi: "Pole." Nikamjibu inavyotakiwa. Kuanzia siku ile waliniita Pole, na Dereva kila alipolisikia alitikisa kichwa na kusema nyumbani watu wakijua kwamba kuna mtu anaitwa Pole watacheka mpaka wapate homa.

Meneja alifikiri siku nne. Katika siku hizo nilipanga nguo zangu kwenye begi na kuzitoa, nikazipanga tena. Nilijiambia kwamba nikirudi nyumbani nitarudi mzima, na mabeseni yataondolewa kitandani, na mto utanisubiri, mito haina haraka na sisi. Nilijiambia hivyo kila asubuhi, na kila asubuhi nilikwenda kazini nikaingia na "poleni na kazi" yangu kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kuitafsiri.

Siku ya tano barua ilikuwa kwenye kisanduku changu cha nguo za kazi. Haikuwa na pongezi. Ilikuwa na mistari mitatu mikavu: tarehe niliyoanza, tarehe ya kumaliza, na kwamba hakuna kosa lililoandikwa dhidi yangu. Chini yake kulikuwa na saini mbaya, iliyopinda, kama ya mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa ameiandika kwa mkono wa kushoto. Na mtu aliyepita karibu na daftari la mashine aliniambia kwamba safu ya mwisho nayo ilianza kujaa, saini zilezile zilizopinda, moja kila siku.

Sikumwona tena meneja ana kwa ana. Dereva alinifikisha kituoni kwa gari la mashuka, tukiwa tumekaa mbele kama maharusi. Alisema ameandika barua juu ya mambo ya glasi, kurasa mbili, ameipeleka huko juu. "Labda wataitupa," alisema. "Lakini safari hii nimeiandika mimi." Tulipoagana aliniambia safari njema, kisha akanikumbusha nikifika nimtumie picha ya hayo maji yangu.

Treni ilikuwa na viti vya kijani na dirisha lililokwaruzwa. Nilikaa upande wa mto, barua tatu kwenye mfuko wa plastiki mapajani, na juu yake ramani yangu ya chuo. Nilikula mayai niliyochemsha asubuhi. Saa tatu na nusu baadaye milima ilisogea, mto ukatokea kwenye majani, mwembamba kuliko nilivyodhani, na rangi yake haikuwa ya ramani yoyote. Nikabandika paji la uso kwenye kioo.

Kona ikaja. Kwenye mtihani niliipindisha kushoto. Mto ulipinda kulia, wazi kabisa, bila aibu, ukizunguka jiwe kubwa ambalo hakuna mtu aliyetuambia kwamba lipo.

Niliitazama mpaka ikapotea. Kisha nikamfikiria mwalimu wangu wa chuo, miwani yake na kalamu yake nyekundu, na alama mbili nilizomnung'unikia mwaka mzima.

"Samahani, mwalimu," nilisema kwa sauti. "Hili lilikuwa kosa langu."